Pakacha la mji wa soko linavuja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo kwa muda mrefu limezungumzwa kwa namna moja tu. Kila inapojadiliwa hali ya miji midogo ya soko, ile iliyoko katikati ya mashamba na inayotegemewa na vijiji vinavyoizunguka, neno la kwanza kusikika ni mwekezaji. Viongozi huahidi kumleta, wananchi huombwa wamtengee eneo, na vijana huambiwa wavute subira mpaka afike. Mimi simpingi mwekezaji. Ninachokipinga ni ile imani kwamba mji hauna uchumi mpaka apatikane mtu wa kuuletea, ilhali kila siku ya soko fedha nyingi huingia katika mji huo huo, na kabla jua halijazama sehemu kubwa ya fedha hizo imekwisha kuondoka.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Mchukuzi ambaye mzigo si wake huona nafuu unapopungua njiani, kwa kuwa bega lake linapumzika. Mwenye mzigo ndiye anayefika nyumbani akakuta pungufu. Nasikitika kusema kwamba uchumi wa miji ya soko tumekuwa tukiutazama kwa macho ya mchukuzi. Taarifa za halmashauri hutaja fedha zilizoingia, miradi iliyozinduliwa na ushuru uliokusanywa, lakini ni nadra kukuta ukurasa unaoeleza ni kiasi gani cha fedha hizo kilibaki mjini, kikapita katika mikono ya watu wangapi, na kiliondokea wapi.

Mji wa soko una tabia yake, na anayetaka kuustawisha lazima aanze kwa kuielewa. Mwaka 1933 mwanajiografia wa Kijerumani, Walter Christaller, akitumia mfano wa miji ya kusini mwa Ujerumani, alieleza kwamba mji mdogo hupata uhai wake kwa kuvipatia vijiji vya jirani bidhaa na huduma ambazo hakuna kijiji kimoja kinachoweza kuziendesha peke yake, na kwamba upana wa eneo lake hutegemea umbali ambao mtu yuko radhi kusafiri ili azipate. Michoro yake imekosolewa sana, kwa sababu milima, mito na mipaka haifuati michoro ya mtu, lakini kiini cha maneno yake kingali pale pale. Mavuno yakiwa mazuri, fundi cherehani hupata kazi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi huuza mabati, na mwenye nyumba hupata mpangaji. Mavuno yakiharibika, wote hao hukaa vibarazani. Kwa hiyo mpango wowote wa kuuendeleza mji unaovisahau vijiji vyake ni sawa na kulikata tawi ambalo mji wenyewe umelikalia.

Hebu tuitazame siku ya soko tangu alfajiri. Malori yamekwisha kupanga mstari kando ya barabara, turubai zimefunguliwa, na wapakiaji wamekaa juu ya magunia matupu wakisubiri. Wakulima wanafika, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Mzigo unawekwa kwenye mizani, unalipwa papo hapo, unapakiwa. Kufikia saa nne asubuhi noti ziko mifukoni mwa wakulima. Saa sita mchana wamehamia upande wa pili wa soko, penye nguo, ndoo, sabuni, betri, majembe na dawa za mifugo, ambavyo karibu vyote vimeletwa na malori yale yale kutoka mji mkubwa. Jioni lori linaondoka na mazao, na mchuuzi aliyepanda mbele karibu na dereva anaondoka na fedha zilizolipiwa mazao hayo. Mji umeambulia ushuru, na takataka za kufagia kesho yake.

Wanauchumi wanayo hesabu ya jambo hili, na si hesabu ngumu. Richard Kahn wa Cambridge aliichapisha mwaka 1931 alipotaka kujua ajira moja inayotokana na kazi za umma huzaa ajira nyingine ngapi, na John Maynard Keynes akaifanya kuwa mojawapo ya nguzo za nadharia yake. Tuseme fedha 100 zimeingia mjini. Ikiwa kila anayezipokea atatumia asilimia 80 ya alichopata kwa mtu mwingine wa hapo hapo, zile 100 zitazaa 80, hizo 80 zitazaa 64, hizo 64 zitazaa 51 na ushei, na mzunguko utakapofifia kabisa jumla ya mapato yaliyopita mikononi mwa watu wa mji itakuwa 500. Ikiwa kila mpokeaji atatumia hapo mjini asilimia 20 tu, jumla yote itakuwa 125. Fedha iliyoingia ni ile ile katika miji yote miwili, lakini mmoja umepata mara nne ya mwenzake bila kuongezewa hata senti moja kutoka nje.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 taasisi ya London iitwayo New Economics Foundation iliifupisha hesabu hiyo ikawa kipimo ambacho hata kamati ya soko inaweza kukitumia. Unaifuata fedha kwa mizunguko mitatu tu, unajumlisha, kisha unagawanya kwa kiasi cha mwanzo. Mji wetu wa kwanza utapata 2.44, wa pili utapata 1.24. Ninakitaja kipimo hiki kwa makusudi, kwa sababu hakimhitaji profesa. Kinahitaji daftari, na watu wachache wenye uvumilivu wa kuwauliza wafanyabiashara wananunua wapi mali wanazouza, na kuwauliza waajiri mishahara yao inalipwa kwa watu wanaoishi wapi.

Baada ya kupima, swali ni tuanze kuziba tundu lipi. Wapo watakaosema tuwahimize wananchi wanunue kwa majirani zao. Sioni ubaya wa wito huo, ila mnunuzi mkubwa kuliko wote katika mji mdogo kwa kawaida si mwananchi mmoja mmoja. Ni halmashauri yenyewe, pamoja na hospitali, shule, chuo kama kipo, magereza na ofisi za serikali. Taasisi hizi hazihami. Kila mwaka hununua madawati, sare, karatasi, matengenezo ya majengo, usafi, ulinzi na usafiri, na hulipa kwa fedha ya umma. Zikinunua mbali, mji unakuwa kituo cha fedha kupita njia.

Mfano ninaoufahamu vizuri unatoka Preston, kaskazini mwa Uingereza. Preston ni mkubwa kuliko miji ninayoizungumzia, lakini kisa chake kinatuhusu. Kwa miaka mingi mji huo uliweka matumaini katika mradi mmoja wa maduka makubwa uliokadiriwa kugharimu pauni milioni 700. Mwaka 2011 duka lililotegemewa kuwa kivutio kikuu lilijitoa, na mradi wote ukafa. Baada ya hapo baraza la mji na taasisi nyingine za umma zilifungua vitabu vyao vya manunuzi ili kuona fedha zao zinakwenda wapi. Katika mwaka wa fedha 2012/13 ilionekana kwamba takriban asilimia 5 tu ya matumizi yao ya manunuzi ilibaki mjini. Walizigawa zabuni kubwa katika mafungu madogo, wakawatafuta wazabuni wa karibu, wakawafundisha taratibu, na kufikia 2016/17 kiwango hicho kilikuwa kimepita asilimia 18. Bajeti ya serikali ya mitaa ilikuwa ikipunguzwa miaka hiyo hiyo. Ndiyo kusema hawakupata fedha zaidi. Walizielekeza vingine zile walizokuwa nazo.

Najua kuna hofu ya haki kuhusu jambo hili. Kununua nyumbani kunaweza kugeuka kuwa kisingizio cha kuwapa kazi ndugu na marafiki, au cha kupokea kazi mbovu kwa bei kubwa. Dawa ya hofu hiyo ni uwazi: orodha ya walioshinda zabuni, kiasi walicholipwa na mahali walipo ibandikwe mahali pa wazi kila robo mwaka, na ubora ukaguliwe kwa kipimo kile kile kwa mzabuni wa karibu na wa mbali. Sheria za nchi nyingi zinaruhusu upendeleo wa aina hii. Kenya, kwa mfano, tangu 2013 imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tatizo la wazabuni wadogo mara nyingi haliko kwenye sheria. Liko kwenye ukubwa wa zabuni, kwenye dhamana inayotakiwa, na zaidi ya yote kwenye ucheleweshaji wa malipo.

Hapo kwenye malipo naomba nisimame kidogo, kwa sababu nimekuwa mweka hazina wa chama kidogo cha akiba na mikopo kwa miaka kadhaa na nimeyaona madhara yake mezani pangu. Mwanachama wetu mmoja, seremala, alikuja siku moja na hati ya kupokelewa madawati. Alikuwa ameikunja mara nne mpaka mikunjo ikaanza kuchanika. Ilikuwa na sahihi tatu na muhuri, hundi haikuwapo. Alikuwa amekopa mbao na amewalipa vibarua wawili kutoka mfukoni mwake, na mwezi wa saba ulipofika bila malipo akauza randa yake ya umeme ili alipe deni la mbao. Fedha ilipotoka hatimaye, hakuwa na kifaa cha kufanyia kazi nyingine. Zabuni ya mwaka uliofuata ilikwenda kwa kampuni ya mbali, na sababu iliyotolewa ni kwamba mafundi wa pale hawana uwezo. Uwezo wao ulikuwa umeuzwa pamoja na ile randa. Taasisi ya umma ikijifunga kumlipa fundi mdogo ndani ya siku 30, itakuwa imemsaidia kuliko semina kumi za ujasiriamali.

Tundu la pili ni akiba. Mkulima na mfanyabiashara mdogo huweka fedha, tena kwa nidhamu kubwa, lakini akiba hiyo inapokusanywa na taasisi yenye makao makuu mbali, mikopo yake huelekea kule kwenye dhamana kubwa na hati za majengo ya ghorofa. Mji wa soko unageuka mkopeshaji wa jiji. Jambo hili lilimsumbua Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya wa vijiji vya Westerwald huko Ujerumani, karne moja na nusu iliyopita. Katika njaa ya 1846 na 1847 alianza kwa kuomba misaada ya matajiri, kisha akatambua kwamba hisani huchoka. Mwaka 1864 akaanzisha huko Heddesdorf chama cha mikopo ambacho wakulima wenyewe ndio waliokuwa wanachama. Kanuni zake zilikuwa chache: eneo liwe dogo kiasi cha watu kufahamiana, mkopo apewe mwanachama tu, na ziada iwekwe kwenye akiba ya pamoja isiyogawanywa. Vyama vya ushirika wa mikopo vya vijijini vilivyoenea duniani vina deni kubwa kwa kanuni hizo. Ninachokiomba ni zisimamiwe kwa ukali, hesabu zikaguliwe kila mwaka na mtu asiyetoka ndani ya chama, kwa maana chama kikifilisiwa na viongozi wake mara moja, huchukua kizazi kizima watu kurudisha imani.

Wako pia wanaouliza kama mji unaweza kuilazimisha fedha izunguke. Jaribio maarufu zaidi lilifanyika Wörgl, mji mdogo wa Austria uliokuwa na wakazi kama 4,000, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi. Julai 1932 meya Michael Unterguggenberger alianza kuwalipa vibarua wa mji kwa hati zenye thamani ya shilingi za Austria, ambazo dhamana yake ilikuwa fedha halisi iliyowekwa benki. Kila mwezi mwenye kuishika hati alipaswa kuibandikia stempu ya asilimia 1 ya thamani yake, vinginevyo haikupokelewa kwa thamani kamili. Hakuna aliyetaka kukaa nayo mpaka mwisho wa mwezi, basi watu walilipana madeni, wakalipa kodi, barabara zikatengenezwa na daraja likajengwa. Septemba 1933 jaribio lilikomeshwa kwa shinikizo la benki kuu ya nchi. Sipendekezi mji wowote uchapishe hati zake. Kutoa fedha ni kazi ya benki kuu, na sheria iheshimiwe. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba wakazi wa Wörgl walikuwa na mikono, ujuzi na kazi za kufanya muda wote. Kilichokuwa kimesimama ni mzunguko.

Tundu la tatu, na hili ndilo pana zaidi, ni kuuza mazao ghafi siku ya mavuno. Mkulima mwenye deni la mbegu na ada ya shule huuza wiki ambayo kila mtu anauza, kwa bei iliyo chini kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na baada ya miezi michache hununua zao lile lile likiwa limepanda bei. Ghala linaloaminika, lenye mizani iliyokaguliwa na msimamizi anayewajibika, hubadilisha hali hiyo. Mkulima huweka mzigo, hupewa stakabadhi, huitumia stakabadhi hiyo kukopea fedha za dharura, na huuza bei inapopanda. Tanzania ilitunga sheria ya stakabadhi za maghala mwaka 2005, na mvutano ambao umekuwapo tangu hapo kuhusu makato na ucheleweshaji wa malipo ya wakulima unatufundisha kwamba ghala si jengo tu. Ni uaminifu wa mizani na wepesi wa malipo, na vikikosekana hivyo viwili mkulima atarudi kwa mchuuzi wa alfajiri, na hatakuwa na kosa.

Kuhusu viwanda vidogo vya kusindika mazao nitasema jambo moja. Miradi mingi ya aina hiyo nimeiona ikifa kwa sababu mashine ilinunuliwa kabla hajatafutwa mtu wa kuitengeneza itakapoharibika. Mondragón, mji mdogo wa Kibasque huko Hispania ambao leo unajulikana kwa vyama vyake vya ushirika, ulifuata mpangilio tofauti. Padri José María Arizmendiarrieta alifika hapo mwaka 1941, na mwaka 1943 akaanzisha shule ya ufundi. Kiwanda cha kwanza cha ushirika, kilichoanzishwa na vijana watano waliokuwa wanafunzi wake, kilikuja 1956, na benki ya akiba ya ushirika ikafuata 1959. Walitangulia mafundi, mashine zikaja baadaye. Hata hivyo haikuwa njia isiyo na mabonde: kampuni yao ya vifaa vya nyumbani ilifilisika mwaka 2013, lakini wengi wa wanachama wake walipokewa kazini na vyama vingine vya mtandao huo huo. Chuo cha ufundi katika mji wa soko, chenye karakana inayotengeneza mashine zinazotumika na wakulima wa eneo hilo, kina faida ya muda mrefu kuliko kiwanda kilicholetwa kikiwa kimefungwa kwenye kontena.

Sisemi mji wa soko ujitosheleze kwa kila kitu. Betri, dawa na simu zitaendelea kutoka mbali, na hakuna hasara katika hilo, kwa kuwa biashara na mbali ndiyo iliyouzaa mji wenyewe. Nasema yachaguliwe matundu machache yanayozibika: sare za shule, madawati, ukarabati wa majengo, vifungashio, usagaji, uhifadhi, matengenezo ya vyombo vya usafiri. Vilevile ushuru wa soko urudi sokoni kwa kiwango kinachotangazwa, kwani mfanyabiashara anayelipa kila siku na bado anakosa choo, maji na taa hana sababu ya kuamini kwamba malipo yake yana kazi yoyote.

Ninalo ombi kwako, Mhariri, na kwa waandishi wako waliopo wilayani. Kila mnapoandika habari za bajeti za halmashauri, waulizeni wakurugenzi swali hili, kisha mlichapishe jibu pamoja na jina la wilaya: mwaka wa fedha uliopita, katika kila 100 zilizotumika kwa manunuzi, ni ngapi zililipwa kwa watu na kampuni za wilaya hiyo, na zililipwa baada ya siku ngapi? Mkurugenzi asiye na jibu aombwe aliandae, na mwandishi arudi baada ya miezi mitatu kulichukua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wa siku nyingi na mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo